Kibarua cha Masika: Nasaha kwa Vijana wa Malindi na Kilifi

Wanangu wa Malindi, Watamu, Mambrui, Gongoni, Takaungu na Kilifi mjini, nawaandikia kabla masika hayajashika. Mwezi wa nne ukiingia, kusi huichafua bahari, wageni wa Kiitaliano na wa Kijerumani hurudi kwao, na hoteli nyingi za ufuoni hufunga milango hadi karibu na mwezi wa saba. Mpishi, mhudumu wa mezani, mtunza bustani na dobi hukabidhiwa barua. Mmoja huambiwa mkataba wake wa msimu umekwisha. Mwingine hupewa likizo bila malipo. Mwingine huambiwa nafasi yake imeondolewa kabisa. Hayo mnayajua, na baba zenu waliyajua kabla yenu. Ninalotaka kuwausia ni namna ya kuivuka miezi hiyo bila kupoteza haki wala heshima.

Neno langu ni moja. Ukiwa huna ajira na kuna mkono unaokushika, kibarua kidogo kikija kipokee, kisha kiseme wazi. Usikikatae kwa kuhofu kwamba msaada utakatika, wala usikifiche ili ule huku na kule. Nimeishi na wafanyakazi wa hoteli umri wangu wote, na nimewaona wengi wakiumia kwa moja kati ya makosa hayo mawili.

Kwanza mjue mnasimama wapi. Kenya haina mfuko wa serikali unaomlipa kila mwezi mtu aliyepoteza kazi. NSSF, iliyoanza mwaka 1965, ni akiba ya uzeeni. Mwajiri na mfanyakazi huchanga kila mmoja asilimia 6 ya mshahara, kwa viwango vipya vilivyoanza kukatwa Februari 2023, lakini pesa hizo hazikungoji nje ya lango siku unayopewa barua. Jirani zetu Tanzania wametutangulia. Tangu sheria zao za mwaka 2018, mwanachama aliyechangia kwa miezi 18 au zaidi, akaachishwa kazi bila yeye kutaka, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6, mradi hajapata ajira nyingine. Kwetu hakuna kitu hicho. Kitu kilichokaribia kufanana nacho tulikiona mwaka 2020.

Mnaukumbuka mwaka ule. Mwezi wa nne serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Kilifi, Mombasa na Kwale kwa sababu ya korona, na hoteli zikabaki na walinzi peke yao. Ndipo ukaja mpango wa serikali wa vibarua vya vijana, Kazi Mtaani, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Vijana walifagia, walizibua mitaro na kufyeka vichaka. Katika awamu ya pili walilipwa shilingi 455 kwa siku, na kwa kuwa walipokezana zamu, kila mmoja alipata kama siku 11 kwa mwezi. Zile siku nyingine zilikuwa zake. Waliozijaza kwa kuuza samaki, kusuka makuti au kulima hawakuvunja sharti lolote, na mwezi wao ulikuwa na nafuu. Waliozilalia siku zile walisema 455 haitoshi. Walisema kweli, kwani haikutosha, lakini ilikuwa mwanzo wa kushikia, na siku zilizobaki hakuna aliyewazuia kuzitumia.

Kwa kuwa mfuko wa taifa haupo, msaada wa kijana wa pwani aliyekosa kazi hutoka sehemu tatu: malipo anayodai kwa mwajiri, chama chake cha kuchangiana, na watu wake wa nyumbani. Kila moja ina adabu yake.

Nianze na mwajiri. Usiweke sahihi kwenye barua ambayo hujaisoma. Uliza jina la jambo linalokupata. Mkataba wa msimu ukifika tarehe yake, mara nyingi humalizika wenyewe, na unachodai ni mshahara ulioufanyia kazi na siku za likizo zilizobaki. Likizo bila malipo maana yake bado u mfanyakazi wa pale. Kupunguzwa kazi ni jambo la tatu, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imelifunga kwa masharti katika kifungu cha 40. Wewe au chama chako cha wafanyakazi mpewe notisi ya mwezi mmoja, na afisa wa leba apewe pia. Wanaoondoka wachaguliwe kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, isiwe kwa chuki ya msimamizi. Ulipwe likizo yako kwa pesa taslimu. Usipopewa notisi, ulipwe mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Na juu ya hayo ulipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimiza.

Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe, msingoje kufanyiwa. Chukua karatasi. Tuseme mshahara wako ni shilingi 18,000, ambazo ukizigawa kwa siku 30 ni 600 kwa siku. Umetimiza miaka 6. Mara 15, mara 6, unapata shilingi 54,000. Ongeza mwezi mmoja wa notisi, 18,000, jumla 72,000, kabla hujatia siku za likizo. Kijana anayeijua hesabu hiyo haendi kwa meneja kulia wala kutukana. Huenda na karatasi yake mkononi. Asiposikizwa, huenda leba, au kwa mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, ikiwa ni mwanachama, na mwisho kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiza kesi hapa hapa Malindi. Lakini usilale. Dai la ajira lina miaka 3 tu, ikipita mlango umefungwa.

Sasa zitazame zile 72,000. Kama nyumba yako inakula 12,000 kwa mwezi na huna kinachoingia, ndani ya miezi 6 zimekwisha. Ukipata kibarua cha kukupa 6,000 tu kwa mwezi, pesa hizo hizo zitakufikisha miezi 12, yaani mwaka mzima. Siku mbili tatu za kazi kwa wiki zinakununulia nusu mwaka mwingine wa kutafuta kazi nzuri bila kushikwa shati na mwenye nyumba. Ndiyo maana nasema usikidharau kibarua kwa udogo wake.

Najua yanayosemwa vibarazani. Mpishi aliyezoea kuwakaangia wageni kamba na ngisi hataki kuonekana na karai la viazi kando ya barabara. Mhudumu aliyejifunza Kiitaliano hataki kuonekana amepanda juu ya paa. Wazee wetu walilimaliza neno hilo: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tazameni hoteli zenyewe zinafanya nini zikifungwa. Huo ndio wakati wa kukarabati, kupaka rangi na kuezeka upya. Mama wa kijijini husuka makuti kivulini, anakunja jani juu ya ufito, anafunga, anasukuma la pili lishikamane na la kwanza, mpaka kipande kitimie. Fundi naye hupanda kuanzia ukingo wa chini wa paa na kwenda juu, kila safu ikilalia iliyo chini yake ili maji yapite. Kila fundi huhitaji mtu wa kumrushia makuti na kumvutia kamba. Hoteli ile iliyokupa barua mwezi wa tatu huenda mwezi wa tano inatafuta mikono. Kwa nini isiwe yako?

Na kuna jambo Mungu amelipanga vizuri pwani yetu: mlango wa hoteli hufungwa wakati mvua ya kupandia inafunguka. Waliotoka Ganze, Kaloleni, Chonyi au Magarini wana mashamba ya wazazi yanayongoja mahindi na kunde. Wiki chache za jembe mwezi wa nne ni gunia jikoni mwezi wa nane. Mchagua jembe si mkulima. Sisemi kila mmoja aache ujuzi wake akawe mkulima. Nasema miezi ile isipite mikono ikiwa mitupu.

Wengine hukataa kibarua kwa hofu nyingine. Wamesikia kwamba mtu mwenye kesi leba, au anayengojea malipo yake, akionekana anafanya kazi mahali pengine amejiharibia. Hofu hiyo iondoeni. Malipo ya kupunguzwa kazi ni deni la miaka uliyokwisha kutumikia. Kibarua cha leo hakifuti miaka hiyo. Na kama umefukuzwa kwa dhuluma ukaenda mahakamani, fidia inaweza kufika hadi mishahara ya miezi 12, lakini sheria inamwelekeza hakimu aangalie pia kama ulijitahidi kupunguza hasara yako au ulikaa ukangoja. Anayetafuta riziki yake kwa bidii husimama vizuri zaidi mbele ya sheria kuliko aliyekaa. Kinachokuharibia ni kudanganya. Ukiapa kwamba hujagusa kazi tangu ulipofukuzwa, kisha upande wa pili ulete picha yako ukiendesha tuktuk barabara ya Watamu, hakuna neno lako jingine litakaloaminiwa, hata lile la kweli. Njia ya mwongo ni fupi.

Aliye kwenye likizo bila malipo ana sharti moja la ziada. Wewe bado una mwajiri. Soma mkataba kama unakuzuia kufanya kazi kwingine, kisha mwandikie meneja mistari miwili: nimepata kazi ya muda mahali fulani hadi tarehe fulani, mkiniita nitarudi. Tuma kwa simu ikiwa hakuna njia nyingine, uhifadhi ujumbe. Mwajiri mwungwana hatakukatalia ule wakati yeye hakulishi. Na siku akisema uliacha kazi mwenyewe, mistari hiyo miwili itakusemea.

Nije kwenye chama cha kuchangiana, maana hapa ndipo vijana wengi huteleza. Vyama vyetu vingi vina mfuko wa dharura. Mwenzenu akipoteza kazi, husamehewa mchango wa wiki, au hupewa kitu kidogo kila mwezi mpaka asimame. Ni jambo la utu, na limewabeba watu wengi katika miaka ambayo matangazo ya tahadhari ya balozi za kigeni yaliwafukuza watalii pwani. Sasa mwenzenu huyo anapata bodaboda ya kuendesha jioni. Ananyamaza, anaendelea kupokea. Wiki ya tatu mjumbe mmoja wa chama anaipungia mkono bodaboda stendi, na mwendeshaji ni yeye. Kuanzia hapo mfuko umekufa. Hakuna atakayemchangia mwingine kwa roho safi, na atakayepoteza kazi mwaka ujao, hata akiwa mkweli kama nini, atatazamwa kwa jicho la shaka. Umekula 1,000 za mwezi mmoja, na umewanyima wenzako kumi wa baadaye.

Ungefanya nini? Ungesimama kikaoni ukasema: nimepata kibarua cha jioni, kinanipa kiasi hiki, bado sijasimama, nipunguzieni msaada lakini msinikatie wote. Na nyinyi wanachama, mkisikia hivyo msimkomoe. Chama kinachomkatia mtu msaada wote siku anapotaja shilingi mia mbili kinawafundisha watu kuficha. Mpunguzieni kwa kiasi, abaki na faida ya jasho lake.

Mataifa makubwa nayo yamefikia uamuzi huo huo. Ujerumani, anayelipwa fedha za kukosa kazi kutokana na bima yake anaruhusiwa kufanya kazi ya chini ya saa 15 kwa wiki. Yuro 165 za kwanza za mwezi haziguswi, zinazozidi ndizo zinazopunguzwa kwenye malipo yake, na ni lazima aiarifu ofisi ya kazi mapema. Italia, ambako Malindi ina ndugu na wakwe wengi tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, malipo hayo huitwa NASpI na yapo tangu mwaka 2015. Mwenye kuyapokea anaweza kushika kazi ndogo isiyozidi kiwango cha mapato kilichowekwa, mradi aiarifu INPS, taasisi ya hifadhi ya jamii ya huko, ndani ya mwezi mmoja kiasi anachotarajia kupata kwa mwaka. Malipo yake hupunguzwa kwa asilimia 80 ya kiasi hicho, na iliyobaki ni yake. Uingereza, kwenye ruzuku ya Universal Credit, kila pauni ya mshahara wa mkononi, baada ya kiasi wanachoachiwa baadhi ya watu, hupunguza ruzuku kwa peni 55, na peni 45 hubaki mfukoni mwa mfanyakazi. Hesabu zao hazilingani, sharti lao ni moja: sema.

Nyinyi mlioko huko Milano, Roma, Berlin au London, nawajua na wazazi wenu nawajua. Nawausia kama ninavyowausia wa hapa. Utaletewa maneno na watu wa kwenu wenyewe kwamba njoo ufanye kazi ya jikoni usiku, ulipwe mkononi, na malipo ya serikali uendelee kuyala. Usikubali. Ukipatikana, malipo yanakatwa, uliyokwisha kula unadaiwa, na kesi huweza kugusa hata karatasi zako za ukaazi. Tena kazi isiyoandikwa haikuwekei bima, na ukiungua mkono kwenye mafuta, mwenye mkahawa atasema hakujui. Kile kidogo ulichodhani umeokoa kitakugharimu miaka. Nenda ofisini au fungua ukurasa wako, jaza saa zako, acha wapunguze wanachopunguza, ulale usingizi.

Kuna mkono wa tatu, wa nyumbani, na hapa nitasema kwa uchungu. Serikali huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Hucheleweshwa, na zikifika huwa tayari zina deni dukani. Nimewaona vijana wenye nguvu, waliosimamishwa hotelini, wakizifanya pesa hizo ndiyo malipo yao ya kukosa kazi. Nyanya anatembezwa hadi kwa wakala, na noti zinaishia mfukoni kwa mjukuu. Mwanangu, pesa hizo ni za dawa yake ya presha, unga wake na kipande chake cha sabuni. Ukila kwake kwa sababu huna, omba, shukuru, na upate kibarua cha kumrudishia hata kilo ya sukari. Na siku ukipata 500 za mjengo, mwambie nyanya umepata. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea cha nyanyake huongeza fedheha juu ya umaskini.

Kusema wazi kunahitaji kumbukumbu, la sivyo utasema makosa bila kukusudia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule. Upande mmoja andika tarehe, kazi, aliyekulipa na kiasi. Upande wa pili andika msaada: kutoka chama, kutoka kwa ndugu, kutoka kwa mwajiri wa zamani. Weka humo mikataba yako yote ya msimu, hati za mshahara na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe unapoondoka. Daftari hilo lina faida nyingine. Kibarua kinachokuita kila siku mfululizo kwa mwezi mzima au zaidi hakihesabiki tena kuwa cha kutwa. Kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinakupa haki za mfanyakazi wa mwezi, na tarehe zako ndizo zitakazolithibitisha hilo. Na ukiwa unapata kidogo kidogo, usisahau uzeeni. NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa wasio na ajira rasmi, kuanzia shilingi 25 kwa siku, bei ya mahamri machache.

Nanyi wenye hoteli, neno dogo. Mnajua msimu unafungwa lini, basi wafanyakazi waambieni mapema, andikeni waziwazi kama ni likizo au ni mwisho, lipeni mnachodaiwa kabla ya lango kufungwa, na kazi za ukarabati wapeni kwanza watu wenu. Anayedai ukweli kwa mfanyakazi na aanze kuusema yeye.

Wanangu, nimemaliza. Wiki hii, kabla ya barua kuja, toa mkataba wako uusome, piga hesabu ya miaka yako, na utaje angalau kazi mbili ambazo mikono yako inaweza kufanya hoteli ikifungwa. Barua ikija, dai haki yako yote bila kupunguza hata senti. Kibarua kikija, kifanye. Anayekusaidia akiuliza umepata nini, mwambie. Na asipouliza, mwambie vilevile.